Uzi: Kumtafuta mpasuaji wa bega ukiwa ugenini Nairobi

MLETA MADA

Assalaam aleikum, na kwa wengine wote habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha Nairobi. Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu mwezi Machi nilitafuta maelezo ya namna hii kwa siku kadhaa nisiyapate. Nilichokutana nacho ni matangazo ya hospitali na watu wanaoulizana bei. Nimekwisha kufanyiwa upasuaji wa bega la kulia, mkono umetoka kwenye mkanda wiki iliyopita, na sasa naweza kuandika kwa mikono miwili. Maelezo ni marefu, mtaniwia radhi.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo hata naona haya kuieleza. Nilikuwa nashuka kwenye matatu pale Bellevue, Barabara ya Mombasa, mkono wa kulia umeshika chuma cha mlangoni na mguu mmoja umekwisha kukanyaga chini, dereva akaondoa gari. Sikuanguka. Mkono ndio uliofuatana na gari hatua mbili tatu kabla sijaachia, na ndani ya bega nikasikia kitu kama kitambaa kikavu kinachochanwa. Jioni ile nilipika kama kawaida. Usiku sikupata usingizi, na asubuhi nilipoinua chaki niandike tarehe ubaoni, mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma, nikabaki nauinua kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeinua ndoo, wanafunzi wakinitazama.

Zahanati ya kwanza nilipigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, nikapewa dawa za maumivu na ahadi ya wiki mbili. Ziligeuka tano. Ni baadaye sana nilipoelezwa kwamba eksirei huonyesha mifupa tu na haiwezi kuonyesha kano iliyokatika; kwa hiyo mtu aliyevutwa mkono, asiyeweza kuuinua, na ambaye eksirei yake ni safi, hajamaliza kupimwa. Daktari mwingine aliniagizia MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha na kano, na ripoti ikasema kwamba kano ya supraspinatasi, ambayo ni mojawapo ya zile nne zinazokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke katika kikombe chake, imekatika kabisa mfupani na ncha yake imejivuta kuelekea ndani.

Hapo ndipo hangaiko la kumtafuta mpasuaji lilipoanza. Nilikwenda kwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mwenye jina. Kila niliyemuuliza katika chumba cha walimu alimtaja. Nilingoja kwake saa mbili na nusu, nikaingia, akaisoma ile ripoti ukurasa mmoja, hakufungua picha zenyewe wala hakuligusa bega langu, akasema, "Hii ni ya kushona, tena mapema. Msaidizi wangu atakupa tarehe." Nikatoka na karatasi ya makadirio mkononi na hasira kifuani. Niliwaambia wenzangu wote kwamba yule ana njaa ya kisu, na nikaapa sitafanyiwa upasuaji wowote. Liwekeni neno hili pembeni, nitalirudia.

Wa pili nilielekezwa na binamu yangu anayeishi Pangani ya hapa Nairobi. Huyu alizifungua picha, akalipima bega, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba yeye ni mtu wa magoti, mabega hufanya machache kwa mwaka, na kazi ya kushona kano iliyojivuta ingefaa afanye mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Akaniandikia majina mawili nyuma ya kadi yake. Hakukubali ada ya kumwona. Mpaka leo namwombea dua.

Wa tatu alikuwa mmoja wa hao wawili. Nataka niwaeleze alivyonipima, maana naamini mgonjwa akijua upimaji mzuri ulivyo atautambua hata kama hajui kusoma picha. Kwanza alimwita muuguzi wa kike aingie, bila mimi kuomba. Akanitaka nikae nimempa mgongo, mabega yote mawili yakiwa wazi, akayatazama kimya kwa muda. Alikuwa anatafuta mahali ambapo nyama imepungua. Akaniambia niinue mikono yote miwili mwenyewe, kisha akaniinulia yeye ule mbovu, na ulipofika juu akauachia taratibu aone kama nitaweza kuushikilia. Akanitaka niunyooshe mbele, kidole gumba kikitazama chini kama mtu anayemwaga soda, akausukuma. Akaniambia niupeleke nyuma ya kiuno na kuuondoa mgongoni. Alipima na shingo pia, kwa sababu, alisema, wapo watu wanaopasuliwa bega ilhali ugonjwa uko shingoni. Ndipo akazifungua picha kwenye kompyuta na kunionyesha ncha ya kano ilipoishia.

Kisha akaniambia kwamba yule daktari wa kwanza alikuwa sahihi.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipojifunza nilichokuja kukisema. Kuna swali la kama bega linahitaji kupasuliwa, na kuna swali la nani alipasue, nami nilikuwa nimeyafunga katika fundo moja. Kwa kuwa mtu wa kwanza hakunipendeza, niliukataa na ushauri wake. Daktari wa tatu alinieleza kwamba kano iliyochakaa polepole kwa umri inaweza kutibiwa kwa mazoezi miezi kadhaa bila hasara kubwa, lakini kano iliyokatika ghafla kwa mvuto, kwa mtu wa miaka 49 ambaye kabla ya hapo alikuwa mzima, huharibika kwa kungojea: ncha huzidi kujivuta, na msuli usiofanya kazi huanza kugeuka mafuta, na mafuta hayo hayarudi tena kuwa nyama hata kano ikishonwa vizuri namna gani. Hasira yangu ilikuwa imenigharimu wiki tatu juu ya zile tano za mwanzo.

Je, ningerudi kwa yule wa kwanza? Hapana. Ushauri wake ulikuwa sahihi, lakini mtu asiyeligusa bega kabla ya upasuaji sikuwa na matumaini kwamba atalishughulikia baada yake.

Kabla ya kukubali nilifanya uchunguzi wangu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina rejista katika tovuti yake ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jina la daktari na kuona kama amesajiliwa, ubingwa wake ni upi, na kama leseni yake ya mwaka huo ipo hai, kwa maana leseni huhuishwa kila mwaka. Zoezi hilo halichukui dakika tano, lakini rejista itakuambia tu kwamba huyu ni bingwa wa mifupa. Haitakuambia kama ni mtu wa mabega. Hilo ni lazima umuulize mwenyewe. Wapo waliosomea shahada ya uzamili ya upasuaji wa mifupa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wapo waliopitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini ambacho makao yake yako kwetu Arusha. Njia zote mbili ni za heshima. Unalotafuta ni kama baada ya hapo alikaa mahali akajifunza mabega peke yake, na kama bado anayafanya.

Nilimuuliza maswali nikiwa nimeyaandika kwenye daftari, na sikuona aibu kulifungua mbele yake. Nilimuuliza mabega kama langu anashona mangapi kwa mwaka, na kama ni yeye mwenyewe atakayeshika vifaa au mwanafunzi wake. Akanijibu kwa idadi, bila kujificha nyuma ya "mengi", na akasema daktari anayesomea ubingwa atakuwepo kumsaidia lakini kano ataishona yeye. Nilimuuliza kinachotokea akifika ndani akaikuta kano haifiki mfupani. Alikuwa na jibu la hatua kwa hatua, na ndani yake lilikuwemo neno "huenda nikashindwa kuirudisha yote". Nilimuuliza pia kano hushindwa kuungana mara ngapi. Hakuniambia kwamba kwake haijapata kutokea. Alisema hutokea, na hutokea zaidi kwa mpasuko mkubwa, kwa umri mkubwa, kwa wavutaji sigara na kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, ndiyo maana akanipima sukari kabla ya kupanga tarehe. Ukimuuliza mpasuaji swali hilo akakukunjia uso, umekwisha kupata jibu lako.

Sasa suala la ugenini. Familia yangu Tanga ilitaka nirudi nyumbani, nami nilivutwa sana. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na hakuna atakayeniambia kwamba Dar es Salaam haina watu wa kazi hii. Lakini nilipokaa na kupiga hesabu niligundua kwamba "nyumbani" nililokuwa nalitaja halikuwa Dar. Nyumbani ni Tanga, na kutoka Dar hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Ningekuwa mgeni Dar kama nilivyo mgeni Nairobi, nikilala kwa shemeji, mbali na mama na mbali na kazi pia. Upasuaji ni wa saa mbili. Mkanda ni wa wiki nne hadi sita. Mazoezi ni ya miezi mitano au sita, na katika muda huo wote mpasuaji anatakiwa akuone mara kadhaa. Bima ya mwajiri wangu, nayo, ni ya hospitali za Kenya.

Mama yangu hakuuliza habari za vyeti wala rejista. Aliuliza, "Mwanangu, ukishafungwa huo mkono, nani atakufunga kanga?" Nilicheka, lakini kwa mtu wa ugenini swali hilo lilikuwa na uzito kuliko yote yaliyokuwa katika daftari langu. Mkono wa kulia ukifungwa kifuani huwezi kufunga kanga, kuchana nywele, kukamua nguo, kukata kitunguu wala kujifuta vizuri chooni, na katika nyumba ya mtu anayeishi peke yake South C hakuna wa kumwita. Tarehe ya upasuaji niliipanga kwa kufuata nafasi ya dada yangu, ambaye alivuka Horohoro na Lunga Lunga, akafika Mombasa, akapanda treni ya SGR hadi Syokimau nikampokea. Kama asingeweza kuja, ningekwenda Dar bila kusita, hata kama mpasuaji wa huko ningemjua kwa jina tu.

Naishia hapa kwa leo. Aliye na swali aulize.

MCHANGIAJI WA 2

Mwalimu, hongera kwa maandishi haya, na pole kwa yaliyokukuta. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na ningependa kuongeza machache ili wasomaji wengine wasije wakakimbilia kisu kwa sababu tu MRI yao imeandikwa neno "kuchanika".

Si haba watu waliopita miaka 60 ambao kano zao za bega zimechanika nao hawana maumivu yoyote. Wangepigwa picha leo wangeshtuka bure. Vilevile kuna upasuaji uliokuwa ukifanywa sana wa kukwangua mfupa wa juu ya bega ili kuipa kano nafasi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza ambamo baadhi ya wagonjwa walikwanguliwa, wengine wakatiwa kamera tu bila kukwanguliwa, na wengine hawakufanyiwa lolote. Waliokwanguliwa hawakuwa na nafuu kuliko waliotiwa kamera tu, na tofauti yao na wale ambao hawakupasuliwa kabisa ilikuwa ndogo mno kuhalalisha kisu. Kesi yako, Mwalimu, si ya namna hiyo, kwa kuwa yako ilikuwa ya kukatika kwa ajali. Lakini mgonjwa akiambiwa kwamba atakwanguliwa mfupa peke yake, bila kano kushonwa, ana haki ya kuuliza kwa nini asianze na mazoezi.

La pili ni ombi. Mtafuteni mtu wa mazoezi kabla ya upasuaji. Napokea wagonjwa wanaofika wiki ya nane, mkono umekakamaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia waanze lini; na napokea wengine ambao mtu fulani mtaani aliwanyoosha kwa nguvu wiki ya pili mpaka mshono ukaachia. Mwombeni mpasuaji aandike katika karatasi ni wiki gani mkono uinuliwe na mtu mwingine, ni wiki gani mgonjwa auinue mwenyewe, na ni wiki gani aanze kubeba uzito. Nasi pia tuna baraza letu na leseni zetu. Msituache bila kutukagua.

MCHANGIAJI WA 3

Salamu kutoka Doha. Dada Mwalimu, mimi ni Mkenya, kwetu ni Githurai, na tatizo langu ni kinyume cha lako. Bega langu la kushoto limetoka mara nne tangu nilipoangukia mkono katika mpira wa miguu. Mara ya mwisho lilitoka nikiwa nimelala. Hospitali ya huku wako tayari kunifanyia, lakini mke wangu yuko nyumbani na ningependa kuja Nairobi nifanyiwe nikiwa karibu naye. Likizo yangu ni siku 45. Mnanishauri vipi?

MCHANGIAJI WA 2

Kaka, bega linalotoka mara kwa mara ni ugonjwa mwingine kabisa na ule wa Mwalimu. Kwa kawaida ukingo laini unaozunguka kikombe huwa umebanduka mbele, jeraha ambalo Mwingereza Bankart alilieleza mwaka 1923 na ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Likiwa ni hilo tu, ukingo hushonwa urudi mahali pake. Lakini likitoka mara nyingi, mfupa wa kikombe nao hulika, na kushona ukingo juu ya mfupa uliolika ni kama kujenga kizingiti penye shimo. Hapo wapasuaji wengi huhamisha kipande cha mfupa wa jirani na kukifunga mbele ya kikombe kwa skrubu, njia aliyoianzisha Mfaransa Latarjet mwaka 1954. Kwa hiyo kabla ya kuamua ni nchi gani, uliza kama umepigwa CT, yaani picha ya kompyuta, ya kupima ni kiasi gani cha mfupa kimepotea. Mpasuaji asiyelitaja jambo la mfupa kwa bega lililotoka mara nne, na la mwisho usingizini, mtafutie mwenzake. Na kama unapata kifafa, au uliwahi kurushwa na umeme, mwambie daktari wako, kwa maana hayo nayo hutoa bega.

MLETA MADA

Kaka wa Doha, ya kitabibu umekwisha kujibiwa na mwenye nayo. Mimi nitasema ya mgonjwa.

Siku 45 zinakutosha kwa kisu na mkanda, hazikutoshi kwa bega. Utarudi kazini mkono ukiwa umetoka tu kwenye mkanda, na wa kukuendeleza na mazoezi atakuwa mtu wa huko ambaye hajamwona mpasuaji wako wala hajui alichokifanya ndani. Kama kazi yako ni ya kubeba, mwulize mwajiri sasa, kabla ya tiketi, kama atakupa kazi nyepesi kwa miezi minne au sita. Asipokubali, kupasuliwa Nairobi kutakuharibia unachokwenda kukitengeneza. Ukiamua kuja, panga mtu wa mazoezi wa Doha kwanza, ndipo upange mpasuaji wa Nairobi. Ukiamua kubaki, fikiria kumwomba mama watoto aje huko hata kwa mwezi mmoja; huenda ikawa nafuu kuliko unavyodhani.

Kwa vyovyote, dai picha zenyewe katika diski au kiungo cha kuzipakua, usiridhike na ripoti. Baada ya upasuaji dai taarifa ya upasuaji, yaani ile aliyoiandika mpasuaji kueleza alichokikuta na alichokifanya, pamoja na aina ya nanga (vijiti vya kushikilia nyuzi mfupani) au skrubu zilizobaki ndani. Mimi nilipewa muhtasari wa kuruhusiwa wenye mistari sita, na taarifa kamili ilinichukua wiki tatu na safari nne za dirisha la kumbukumbu kuipata. Mtu wa Doha hawezi kufanya safari nne. Na kuhusu kupanda ndege baada ya kupasuliwa, mwulize mpasuaji siku hasa, kwa sababu kuna hatari ya damu kuganda.

Wengine wameniuliza faraghani kuhusu gharama. Sitataja kiasi, maana cha kwangu hakitakusaidia, ila nitawaambia kilichonishtua. Katika hospitali nyingi za binafsi hapa, bili ya hospitali ni moja, ya mpasuaji ni nyingine, na ya daktari wa usingizi ni ya tatu. Karatasi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na ya hospitali peke yake. Halafu kuna nanga, vile vijiti vidogo vinavyopigiliwa mfupani vikiwa na nyuzi za kushonea kano. Havikuwemo katika makadirio, na bei ya kimoja ilinifanya niulize kama vimetengenezwa kwa dhahabu. Mwombeni mpasuaji akadirie ni vingapi, kisha mpeleke karatasi iliyokamilika kwa bima mpate idhini ya maandishi kabla ya siku ya kulazwa. Kuna kanuni za ada za madaktari za mwaka 2016 zinazoweka mipaka ya malipo, na si vibaya kuziangalia. Sisi wageni tulioajiriwa tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kwa hiyo ulizeni hospitali kama kuna sehemu ya bili itakayolipwa huko kabla bima ya binafsi haijaguswa. Mimi nililiuliza nikiwa nimekwisha kuruhusiwa, yaani nimechelewa.

MCHANGIAJI WA 4

Mimi ni mzee wa miaka 66, niko Mombasa, Old Town. Bega langu limekaza tangu Ramadhani, halitaki kwenda mbele wala nyuma, na usiku linanitesa. Nina sukari. Mwanangu aliye Nairobi anataka kunipeleka huko nipasuliwe. Nije?

MCHANGIAJI WA 2

Shikamoo mzee wangu. Bega linalokaza pande zote, hata mtu mwingine akilisukuma haliendi, mara nyingi ni lile tunaloliita bega lililoganda, na wenye sukari hupatwa nalo kuliko wengine. Huchukua miezi mingi, pengine miaka miwili, lakini walio wengi hupona kwa mazoezi na dawa bila kupasuliwa. Pigwa eksirei hapo hapo Mombasa ili kuondoa shaka, na sukari yako ishushwe. Ukipendekezewa sindano ya begani, mkumbushe daktari kwamba una kisukari, kwa sababu dawa ile huweza kuipandisha kwa siku kadhaa. Mwanao ana nia njema, lakini nauli hiyo aiweke kwanza.

MLETA MADA

Shikamoo hiyo najitwalia na mimi kidogo, kwa kuwa wanafunzi wangu hawaniamkii hivyo hapa Nairobi. Mzee, pole sana.

Nimeulizwa na dada mmoja kuhusu siku yenyewe na kuhusu hijabu, nami nitajibu kisha nipumzishe mkono. Hijabu nililizungumza siku mbili kabla, na daktari wa usingizi ndiye niliyemwambia. Nilivuliwa mlangoni na muuguzi wa kike na kuvishwa kofia ya chumba cha upasuaji iliyofunika nywele na masikio, kisha nikafunikwa shuka hadi shingoni, bega peke yake likabaki wazi. Hakuna aliyeona ni usumbufu.

Huyo daktari wa usingizi mwombeni mkutane naye mapema, msimwone kwa mara ya kwanza mkiwa mmelala kwenye kitanda cha magurudumu. Mbali na nusukaputi, hupiga sindano ya ganzi pembeni mwa shingo ambayo huulaza mkono mzima kwa saa nyingi. Yangu ilidumu mpaka alfajiri. Alinionya kwamba huenda kope la upande ule likalegea, sauti ikakwaruza na pumzi ikawa fupi, kwa kuwa ganzi husambaa kwenye mishipa ya jirani. Yote matatu yalitokea. Dada yangu aliponiona na jicho moja limefumba nusu alipiga ukelele uliowaleta wauguzi wawili, akidhani nimepooza. Mimi nilikuwa natabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Kosa lilikuwa langu: sikumwambia yeye.

Na jambo moja kwa atakayemleta ndugu wa kumuuguza. Dada yangu alinifaa sana wiki mbili za mwanzo, nilipokuwa nalala nimeegemea mito mitano kwenye kochi kwa sababu kitanda hakikuwezekana. Wiki ya nne nilikuwa najiweza karibu kila kitu isipokuwa nywele na kanga, naye alikuwa amechoka na baridi ya Julai na ananikumbusha kila siku kwamba Tanga kuna jua. Kama ningepanga upya, ningemwomba aje siku moja kabla ya upasuaji, arudi baada ya wiki tatu, na pesa iliyobaki ningemlipa mama wa jirani aje asubuhi kwa nusu saa.